Usiulize Farasi Ngapi: Kulinganisha Mota za Magari ya Umeme

Kazi yangu ni kusuka mota. Nipo Maweni, hapa Malindi, nafungua pampu za visima, feni za hoteli na majenereta yaliyoliwa na chumvi. Basi shemeji yangu, anayepeleka wageni Watamu na Mombasa, alinijia na picha mbili kwenye simu.

"Shemeji, hii Nissan Leaf ina nguvu za farasi mia na hamsini. Hii nyingine ina mota mbili, farasi mia tatu. Nichukue ipi?"

"Farasi utawafunga wapi, shemeji? Weka simu, shika hii."

Mezani palikuwa na mota ya pampu na mota ya pikipiki ya umeme. Nikamwambia azizungushe kwa mkono. Ya pampu ilikwenda laini. Ya pikipiki ikawa inamshikashika, tiki tiki tiki, kwa sababu rota yake, ile sehemu inayozunguka, ina sumaku. Kisha nikazifunga pamoja nyaya zake tatu, akazungusha tena: nzito, kama anakoroga ugali wa watu kumi. (Fanya hivi kwa mota iliyo mezani tu. Ndani ya gari, zile nyaya za rangi ya chungwa hubeba volti mia tatu na zaidi. Mkono wako uwe mbali.)

Hapo ndipo pa kuanzia: gari lina mota ya aina gani? Mota ya sumaku ina usumaku wake tayari, hauulipii umeme. Ya indaksheni, kama ile ya pampu, lazima izalishe mkondo ndani ya rota yenyewe, na mkondo huo hugeuka joto. Kwa mwendo wa mjini wa kwenda na kusimama, ya sumaku ndiyo inayookoa umeme. Lakini sumaku nayo haipumziki. Hata gari linapoteleza tu, ile rota inapozunguka hupoteza nguvu kwenye chuma cha stata, ile sehemu isiyozunguka. Indaksheni ukiikatia umeme inazunguka bure.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini Tesla Model S ya 2012 ilitoka na indaksheni, Model 3 ya 2017 ikaja na sumaku, na Model 3 ya mota mbili ikaweka sumaku nyuma na indaksheni mbele. Ile ya mbele hulala gari likiwa halina haja nayo. Renault Zoe ina njia yake: rota imesukwa koili na inalishwa umeme kupitia kaboni, mtindo wa oltaneta. Mimi hiyo naipenda, labda kwa sababu ningeweza kuisuka.

Sasa hesabu. Kwenye karatasi ya gari tafuta vitu vitatu: kW (ndio wale farasi kwa kipimo kingine), nguvu ya kuzungusha (Nm), na uwiano wa gia (mota inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja). Leaf ya betri ya kWh 40, yaani uniti 40, ina kW 110, Nm 320, na gia moja tu ya takriban 8.19 kwa 1. Zidisha Nm kwa gia: magurudumu yanapata karibu Nm 2,600. Hiyo ndiyo nguvu inayokubana kitini unapoondoka, wala si farasi.

Nguvu hiyo inadumu mpaka mwendo gani? Chukua kW, zidisha kwa 9,550, gawanya kwa Nm. Kwa Leaf unapata mizunguko kama 3,280 ya mota kwa dakika. Gawanya kwa 8.19, gurudumu linazunguka mara 400. Tia alama ya chaki kwenye tairi, sukuma gari mpaka alama irudi chini, upime kwa futikamba: karibu mita 2. Kwa hiyo ni mita 800 kwa dakika, yaani km 48 kwa saa. Kupita hapo, kW haziongezeki, na kadiri mwendo unavyopanda msukumo unapungua. Ukifika km 100 kwa saa umebaki karibu nusu. Ndiyo maana gari hilo litaliacha matatu kituoni, lakini kulipita lori barabara ya Mombasa kunataka subira. Porsche Taycan iliwekewa gia mbili nyuma kwa ajili ya tatizo hilihili, ila gia ya pili ni uzito na bei.

Karatasi ikiisha, ingia barabarani. Sisi tulitoka Malindi hadi Gede, tukageuza. Lazima ugeuze! Kusi likivuma, kwenda unalikabili na kurudi linakusukuma, ukipima upande mmoja tu utajidanganya. Magari yote mawili yawe na upepo sawa wa tairi, abiria walewale, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na mwendo usizidi 80, kwa sababu ukizidisha mwendo mara mbili ukinzani wa hewa huwa mara nne. Kwenye matuta achia mguu mapema, uone mota inarudisha umeme kwenye dashibodi au la.

Matumizi yasome kwenye mita ya nyumbani, usiamini dashibodi peke yake, kwa sababu kuchaji nako kuna upotevu na tokeni unazinunua wewe. Jaza betri, tembea, jaza tena mpaka palepale. Tuseme umekwenda km 50 na mita imekula uniti 8.5. Hiyo ni uniti 0.17, yaani Wh 170, kwa kila km.

Mota iliyofichwa ndani ya gurudumu, kama za baadhi ya pikipiki, haina mnyororo wala difu, na hilo ni zuri. Lakini uzito wote uko chini ya springi, na kila shimo linaipiga yenyewe. Nilifungua moja iliyopitishwa kwenye maji ya chumvi: sumaku zimebanduka gundi, beringi zimekuwa unga mwekundu.

Shemeji safari zake nyingi ni kati ya 40 na 80. Ile mota ya pili angeibeba kila siku ili aitumie mara moja kwa wiki. Alichukua Leaf, na pesa zilizobaki akavuta waya mnene kutoka kwenye mita hadi chini ya mwembe anapoegesha.