Mbawakawa asiye na jina: kutoka majani ya Ngezi hadi spishi mpya

Mbawakawa wa familia ya Staphylinidae utamjua kwa magamba mafupi ya mgongoni yanayoacha tumbo wazi. Spishi zenye majina zimeshapita 60,000, na bado wasio na majina ni wengi. Kumpata si kazi. Kazi ni kuthibitisha kwamba hajapewa jina na mtu mwingine.

Kisiwa cha Pemba, uliko msitu wa Ngezi, hakina milima, lakini mantiki yake ni ile ile ya misitu ya Usambara na Uluguru. Wengi wa wadudu hawa wanaoishi kwenye majani yaliyooza hawaruki, hivyo msitu uliotengwa huweza kuwa na wa kwake peke yake. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha mamia ya mita.

Shika kwanza kibali cha utafiti cha Zanzibar na ruhusa ya wasimamizi wa msitu. Kama vielelezo vitatoka nje ya nchi, ulizia mapema na kibali cha kuvisafirisha.

Nenda Ngezi mvua zikishailowesha ardhi, masika au vuli. Kusanya majani pamoja na sentimita 2 au 3 za udongo mweusi wa chini yake, hasa kati ya mizizi mikubwa ya miti na kwenye magogo yaliyooza. Pepeta kwa chekeche la matundu ya milimita 8 hadi 10, kisha tundika mapepeto (kilichopita kwenye matundu) kwenye mfuko wa wavu kwa saa 48 hadi 72, chini yake chupa ya spiriti. Usiharakishe kwa taa kali: mapepeto yakikauka ghafla, wadogo hufia humo humo. Mwenye rangi nyekundu na nyeusi wa jenasi Paederus usimponde kwa kidole. Maji yake huunguza ngozi.

Wachache wahifadhi kwenye etanoli ya 96% kwa ajili ya DNA. Waliobaki waweke kwenye 75%, kwa sababu ile kali huwakausha wakakatika ukiwagusa. Mililita 780 za 96%, ukijaza maji hadi lita moja, zinatosha. Formalini iache kabisa. Lebo ya ndani ya chupa andika kwa penseli: mahali, latitudo na longitudo kwa digrii za desimali zenye tarakimu 4 baada ya nukta, tarehe, njia ya kukusanya, jina la mkusanyaji. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na kielelezo kisicho na mahali hakina kazi.

Uamuzi wenyewe uko kwenye kiungo cha uzazi cha dume. Rangi haitoshi, aliyetoka karibuni kwenye pupa huwa mweupemweupe. Mloweshe kwa maji ya uvuguvugu, tenga pingili za mwisho za tumbo, vuta kiungo kwa kibano chembamba. Kichemshe taratibu kwenye potasi kali (KOH) ya 10% kwa dakika chache ukikitazama, maana kikizidi hupoteza umbo. Suuza kwa maji yenye tone la siki, hamishia kwenye glisirini, kichore kwa chini na kwa ubavu. Ukimaliza, kibandike kwenye kadi iliyo kwenye pini moja na mdudu mwenyewe. Kikitengana naye, hakuna atakayejua ni cha nani.

Urefu wa mwili mzima hudanganya, kwani pingili za tumbo huingia na kutoka kama darubini ya kukunja. Pima kuanzia ukingo wa mbele wa kichwa hadi mwisho wa magamba, kwa wadudu 10 au zaidi. Inua gamba moja uangalie bawa la ndani. Kwa wasioruka, ukingo wa nyuma wa bamba la juu la pingili ya 7 kwa kawaida hukosa utando mweupe mwembamba walio nao wenye kuruka.

Hatua inayorukwa na wengi ni kulinganisha na vielelezo vya awali, yaani vile vilivyotumika kutoa majina, vya majirani zake wa jenasi. Vya wataalamu wa zamani viko makumbusho: vya Bernhauer viko Chicago, vya Cameron London, vya Fauvel Brussels. Omba picha za kiungo cha dume. Picha ya mgongo peke yake haikusaidii.

Katika makala, teua dume mmoja awe holotipu, yaani kielelezo kinachobeba jina, na utaje makumbusho atakakowekwa. Tangu mwaka 2000 bila hayo jina halihesabiki. Andika ni kitu gani kinamtenga na kila jirani, kwa vipimo. “Mkubwa kidogo” halimsaidii msomaji. Jina lifuate jinsia ya jenasi: Stenus pembensis, lakini Lathrobium pembense. Hakikisha halijatumika tayari katika jenasi hiyo. Likitoka kwa njia ya kielektroniki tu, makala iwe imesajiliwa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na namba ya usajili ionekane ndani yake. Hadi siku hiyo usilitangaze mtandaoni: lisilo na maelezo ni jina tupu, na mwingine anaweza kulitumia kwa mdudu mwingine kabisa.