Siku ya kura Kenya: kutoka foleni ya alfajiri hadi fomu ya mlangoni

Jumanne ya Agosti 10, 2027 Wakenya tutapanga foleni tena. Kila uchaguzi ukikaribia watu huniuliza kuhusu wizi wa kura, na ni haki yao kuuliza. Lakini ninavyoona mimi, kura nyingi za watu wa kawaida hupotea pale mlangoni, hata karatasi haijaguswa. Mtu amesimama juani tangu asubuhi, akifika mbele anaambiwa jina lake liko darasa jingine. Akigeuka kuiona foleni ya huko, anakata tamaa na kwenda zake. Mwingine mashine inakataa kidole chake mara moja tu, naye anaondoka akidhani amefutwa. Wote hawa walikuwa na haki ya kupiga kura siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nimeandika somo hili kwa mpangilio ule ule utakaokutana nao siku yenyewe.

Hatua ya 1: Jithibitishe mapema

Kitambulisho unachobeba siku ya kura ni kile ulichojiandikishia. Uliandikishwa kwa kitambulisho cha taifa, beba hicho. Uliandikishwa kwa pasipoti, beba pasipoti. Nakala ya fotokopi haikubaliwi, wala picha iliyo kwenye simu. Kama kimepotea, shughulikia sasa hivi, usingoje Julai ya mwaka wa uchaguzi wakati ofisi zimefurika.

Pia hakikisha jina lako limo kwenye sajili ya wapiga kura, na katika kituo gani. Mwaka 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliwawezesha watu kujithibitisha kwa ujumbe mfupi uliotumwa kwa nambari 70000. Utaratibu wa 2027 utatangazwa na Tume yenyewe, kwa hiyo usiutoe kwenye jumbe zinazosambazwa bila jina la aliyeziandika.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wako kabla ya kupanga foleni

Hapa naomba usome polepole. Sheria inataka kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700. Shule kubwa ya msingi yenye watu 4,000 walioandikishwa basi hugawanywa, kila darasa likawa kituo kinachojitegemea, chenye msimamizi wake, mashine yake na masanduku yake. Majina hugawanywa kwa herufi. Ukisema "mimi napigia kura shule ya msingi fulani" bado hujasema mlango upi.

Ukifika, usikimbilie foleni iliyo fupi. Tazama orodha zilizobandikwa ukutani au mlangoni, au mfuate karani anayeelekeza watu nje umpe kitambulisho akuangalizie. Usipojiona, tafuta kwa majina yako yote matatu, kwa sababu jina unaloitwa mtaani huenda silo lililokupanga katika herufi. Dakika tano za kutafuta mlango zitakuokolea asubuhi nzima.

Hatua ya 3: Foleni

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Wazee, wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga, wagonjwa na watu wenye ulemavu hupewa nafasi ya mbele. Ukiwa na nguvu zako na nyuma yako kuna bibi aliyeshika mkongojo, mwite karani umwonyeshe. Usingoje bibi ajiombee mwenyewe, wengi wa umri huo huona haya.

Beba maji na kitu cha kujikinga na jua. Fulana na kofia ya chama iache nyumbani. Kampeni huwa zimeshafungwa saa 48 kabla, na hakuna sababu ya kuanza ugomvi kwenye mstari kwa ajili ya nguo.

Hatua ya 4: Karani na mashine

Ndani utampa karani kitambulisho, naye atakuomba uweke kidole juu ya kifaa cha KIEMS, mashine ya Tume inayomtambua mpiga kura kwa alama za vidole. Kikikutambua, picha yako na jina lako vinatokea kwenye kioo, unaendelea.

Kisipokutambua, usiondoke. Tulia hapo hapo. Nimemwona mama mmoja mchuuzi wa samaki, vidole vimelainika kwa miaka ya kushika barafu na kisu, akiweka kidole gumba, kinakataa. Cha shahada, kinakataa. Karani mwenye subira alimpa kitambaa, akapangusa mkono hadi ukakauka, wakajaribu mkono wa pili, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kikasoma. Wavunja mawe, mafundi wa saruji, wafuaji nguo na wazee wana shida hii hii, kwa sababu alama za vidole hulika kwa kazi na kwa umri.

Vidole vyote vikikataa, bado njia ipo. Msimamizi wa kituo anaweza kukutafuta katika mashine hiyo hiyo kwa nambari ya kitambulisho. Ukionekana, inajazwa Fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea, kisha unapiga kura yako kama mwingine yeyote. Ikariri nambari hiyo ya fomu. Karani mchanga aliyechoka anaweza kukuambia "mashine imekataa, nenda," nawe umwombe kwa heshima amwite msimamizi mjaze Fomu 32A. Mara nyingi hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Je, mashine yenyewe ikifa? Mwaka 2022 vifaa vilikwama katika vituo vya Kibwezi Magharibi kule Makueni na katika sehemu za Kakamega, na Tume ikaruhusu sajili iliyochapishwa itumike. Waliovumilia walipiga kura.

Hatua ya 5: Karatasi sita

Katika uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita. Mwaka 2022 rangi zilikuwa hizi: nyeupe ya rais, samawati ya gavana, manjano ya seneta, waridi ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na rangi ya mchanga ya mwakilishi wadi, MCA. Vifuniko vya masanduku vilifuata rangi hizo hizo.

Zihesabu mbele ya karani. Zitazame moja moja, usikubali iliyochanika au iliyokwisha kutiwa alama. Na ukipewa pungufu, uliza sababu. Sisi wa Mombasa tunalijua hili vizuri. Agosti 9, 2022 tulipewa karatasi tano, kwa kuwa kura ya ugavana iliahirishwa hapa na Kakamega baada ya kugunduliwa makosa katika karatasi zilizochapishwa. Tulirudi vituoni Agosti 29. Kuna waliodhani wamenyimwa karatasi kwa hila, na wengine hawakurudi kabisa wakiamini wameshamaliza.

Hatua ya 6: Kibandani

Weka alama moja kwenye nafasi ya mgombea mmoja, katika kila karatasi. Vema au mkasi, zote sawa, mradi nia yako ionekane wazi. Usiandike jina lako, usitie sahihi, usiongeze ujumbe. Simu ibaki mfukoni, hairuhusiwi kupiga picha karatasi ya kura. Kisha kunja kila karatasi peke yake, alama ikiwa ndani.

Hatua ya 7: Masanduku na wino

Linganisha rangi ya karatasi na ya kifuniko, tumbukiza moja moja bila haraka. Usitoke na karatasi hata moja, ni kosa la jinai. Kisha utapakwa wino kidoleni. Kabla hujavuka mlango hakikisha umerudishiwa kitambulisho chako.

Hatua ya 8: Rudi jioni

Hatua hii wengi wetu hatuifanyi, nami naiona ina uzito kuliko zote zilizotangulia.

Kituo kikifungwa, kura huhesabiwa pale pale, mbele ya mawakala wa wagombea na waangalizi. Matokeo ya urais huandikwa katika Fomu 34A, msimamizi na mawakala wanatia sahihi, picha yake inatumwa kwa mashine, na nakala inabandikwa mlangoni ili umma uisome. Umma ndio wewe. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa na afisa wa ngazi ya juu. Septemba 1 ya mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais, na sehemu kubwa ya hoja ilikuwa ni namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. Ilipofika 2022 Tume iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti, vituo zaidi ya 46,000, na kila mwenye intaneti akaweza kujumlisha.

Sasa chukua fomu ya darasa ulilopigia kura. Jumlisha kura za wagombea wote, uone kama zinafikia jumla ya kura halali iliyoandikwa. Ongeza zilizokataliwa, uone kama hazizidi idadi ya walioandikishwa kituoni. Piga picha fomu nzima, pamoja na sahihi na nambari ya kituo, kisha siku ya pili ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Vijana wawili watatu katika kila shule wakiifanya, hakuna atakayetuchezea kati ya darasa na ukumbi wa kujumlishia.

Maswali ninayoulizwa

*Shikamoo mwalimu. Baba haoni na mama hajui kusoma. Naweza kuwasaidia wote wawili kibandani? (Kilifi)*

Marahaba, mwanangu. Hapana, mtu mmoja husaidia mpiga kura mmoja tu. Wewe msaidie baba, na ndugu yako amsaidie mama. Anayesaidia awe ametimiza miaka 18, si lazima awe mpiga kura, ila asiwe mgombea wala wakala. Mtakula kiapo cha siri mbele ya msimamizi. Asiyekuwa na mtu wake husaidiwa na msimamizi mwenyewe, mawakala wakishuhudia, na ndiyo sababu nasema ni bora kila mzee aende na mtu anayemwamini.

*Ikifika saa kumi na moja nami bado niko kwenye foleni? (Changamwe)*

Utapiga kura. Aliyekuwa ndani ya mstari saa ya kufunga hafukuzwi. Kituo kilichochelewa kufunguliwa nacho hufidia muda uliopotea. Usitoke mstarini kwenda kununua chai saa kumi na nusu.

*Nimeweka alama kwa mtu nisiyemtaka. Nifanyeje? (Malindi)*

Kama karatasi bado iko mkononi mwako, mrudishie msimamizi umweleze. Ataifuta na kukupa nyingine. Ikishaingia kisanduku, basi. Usijaribu kufuta mwenyewe na kuweka alama ya pili, kwa sababu hapo ndipo kura hukataliwa.

*Niliandikishwa Voi, sasa naishi Nairobi. Naweza kupiga kura ya rais tu huku? (Nairobi)*

Hapana, dada. Jina lako liko Voi na ni Voi utakapotambuliwa. Omba kuhamishwa kituo katika ofisi ya Tume ya eneo bunge unakoishi, mapema, kabla sajili haijafungwa. Ukichelewa, panga nauli ya Voi.

*Je, sisi tulio Ghuba? (Doha)*

Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12 za nje, Qatar na Falme za Kiarabu zikiwemo, pamoja na majirani zetu Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Aliye nje hupiga kura ya rais peke yake. Fuatilia matangazo ya ubalozi kuhusu uandikishaji, na angalia muda wa pasipoti yako.

*Nataka kumchagua MCA tu, hao wengine siwataki. Karatasi zao nirudi nazo? (Kwale)*

Usitoke nazo. Zikunje bila alama, uzitumbukize kila moja mahali pake. Zitahesabiwa kuwa zimekataliwa, na ile ya MCA itahesabika kama kawaida. Ila, ndugu yangu, gavana na seneta ndio wanaogusa hospitali yako na pesa za kaunti yako. Wafikirie tena kabla ya siku.

*Kuna mtu anagawa pesa mtaani, anataka tumletee picha ya karatasi ndipo amalizie nusu iliyobaki. Tusipofanya atajua? (Likoni)*

Hawezi kujua, mama. Karatasi haina jina lako, na ikishaingia kisanduku inachanganyika na za wenzako. Anachotegemea ni hofu yenu tu. Anayetoa hongo ya kura ana kosa kisheria, na anayepokea pia, kwa hiyo msipokee hiyo nusu ya kwanza. Kama mmeshapokea, hakuna deni lolote mnalodaiwa kule kibandani. Simu muiache kwa mtu nje, na akiuliza picha iko wapi, mwambieni kupiga picha hakuruhusiwi ndani.