SOMO: Kutuliza kelele za ekzosi ya pikipiki

Swali la jinsi ya kutuliza kelele za ekzosi, yaani bomba la moshi, linajirudia kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja tu. Linahusu pikipiki za bodaboda za silinda moja: Boxer, TVS na za aina hiyo. Kwenye nyumba zetu za kupanga, pikipiki inalala chini ya dirisha la mtu. Ukiiwasha saa kumi alfajiri na ekzosi inavuja, umeamsha wagonjwa na watoto wachanga wa uani.

1. Tafuta panapovuja. Washa injini ikiwa baridi, ziba tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa, sekunde chache tu, usikilize shingoni, pale bomba linapoungana na injini. Masizi kwenye maungio na milipuko unapoachia resi ni dalili hiyo hiyo.

2. Zima. Nyunyizia nati za shingo mafuta ya kulegeza kutu, ziache zilale nayo.

3. Fungua nati. HAPA NDIPO PANAPOHARIBIKA. Stadi (msumari wa nyuzi unaoshika nati) ni ya chuma, hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu. Nati ikigoma usiongeze urefu wa spana kwa bomba. Rudi robo, nenda robo, ongeza mafuta. Stadi ikikatikia ndani, kazi ya gasketi (pete ya kuziba maungio) ya bei ndogo inakuwa kazi ya kushusha hedi. Ukishatoa shingo, mulika tochi ndani ya tundu: gasketi ya zamani hubaki imegandamana, nyeusi kwa masizi, ukadhani ni sehemu ya hedi. Itoe kwa bisibisi nyembamba bila kukwaruza. Ukipachika mpya juu yake, shingo itakaa upande na itavuja tena.

4. Weka gasketi mpya, ishike kwa grisi kidogo isidondoke. Ya zamani haitumiki mara mbili.

5. Kaza nati za shingo kwa zamu, nusu mzunguko kila upande. Bolti ya nyuma ya bomba iwe ya mwisho. Ukianza nayo, shingo inavutwa.

MASWALI

Swali: Gundi ya silikoni nyekundu haitoshi badala ya gasketi?
Jibu: Haitoshi. Joto la pale linaiunguza. Nunua gasketi.

Swali: Nilitoa kiini cha bomba (kile cha ndani kinachopunguza sauti) ili ivute zaidi. Jirani analalamika, nifanyeje?
Jibu: Kirudishe. Umeongeza sauti, nguvu hujaongeza. Jirani ana haki.

Swali: Chini ya bomba kuna katundu kadogo, fundi anataka kukaziba. Nimruhusu?
Jibu: Vizuri umeuliza mapema. Kakiwa duara safi, ni ka kutolea maji. Moshi una mvuke, na bomba likiwa baridi mvuke unageuka maji. Ukikaziba, bomba linaoza kwa ndani. Lakini kingo zikimeguka kwa bisibisi, hiyo ni kutu. Toa bomba zima, lichomelewe kwa gesi mbali na tenki. Mashine ya umeme hutoboa bati jembamba.

Swali: Gasketi mpya, bado inanguruma asubuhi.
Jibu: Angalia sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta resi, iko juu kiasi gani. Punguza kwa skrubu ya kabureta injini ikishapata moto. Na isukume hadi barabarani ndipo uwashe. Abiria mpigie simu, honi ya getini iache.

Mchangiaji: Stendi kubwa nayo ikigonga kila shimo, mpira wake umeisha. Kipande cha tairi kuukuu kinatosha, kifunge kwa waya, si kwa mpira, kwa sababu kinagusana na bomba la moto.
Jibu: Kweli. Na waya uelekeze ncha chini, usichane suruali.