Usiitupe Moduli ya Kumbukumbu ya HP-41C Kabla ya Kuihesabia Rejista

Kwa miezi minane niliweka pembeni moduli ya kikokotoo changu cha HP-41C, kile kipande kidogo kinachochomekwa kuongeza kumbukumbu, niliyoibandika karatasi ya "mbovu". Moduli ilikuwa nzima. Kilichopasuka kilikuwa nguzo ya skrubu ndani ya kikokotoo chenyewe. Tangu hapo siihukumu moduli yoyote kabla sijahesabu.

HP-41C, iliyotoka 1979, ina rejista 63 (vyumba vya kuhifadhi namba na programu) na matundu manne ya kuchomekea moduli. Moduli ya kawaida huongeza rejista 64. Ile ya mara nne huongeza 256 na hujaza nafasi yote peke yake, kwa hiyo usiichanganye na za kawaida. Kama chako ni HP-41CV, zote 319 zimo ndani tayari, hakihitaji moduli ya kumbukumbu.

Zima kikokotoo kila unapochomeka au kuchomoa. Hili nalisisitiza kwa sababu kosa la sekunde moja linaweza kuua saketi. Moduli haina betri yake, ukiichomoa yaliyomo yanapotea. Nakili programu zako kwanza. Alama ya BAT (betri dhaifu) ikionekana, badilisha betri zote nne kabla ya kupima chochote. Moduli za kawaida zianzie tundu la 1, bila kuruka.

Sasa hesabu. Kikiwa kimezimwa, shikilia kitufe cha ←, washa, kisha achia: kioo kitaandika MEMORY LOST. Tekeleza SIZE, amri inayotenga rejista za data, weka 000, halafu bonyeza PRGM. Utaona 00 REG na namba ya rejista zilizo huru. 63 maana yake moduli haionekani kabisa. Moja ikionekana ni 127, mbili 191, tatu 255, nne 319.

Moduli ikihesabika lakini data zinaharibika, acha moja tu kwenye tundu la 1, weka SIZE 110, kisha andika programu hii:

LBL "JM"
0.109
LBL 01
STO IND X
ISG X
GTO 01
0.109
LBL 02
RCL IND X
X≠Y?
STOP
RDN
ISG X
GTO 02
BEEP
END

Ukiiendesha, kila rejista inaandikiwa namba yake, kisha inaulizwa. Ukisikia mlio, zote zimejibu sawa. Ikisimama kimya, bonyeza X<>Y: namba iliyo kabla ya nukta ndiyo rejista mbovu. 0 hadi 45 ni za kikokotoo. 46 hadi 109 ni za moduli. Napenda sana kipimo hiki, kwa sababu kinakuonyesha upande wenye kosa bila kufungua kitu.

Moduli isiyoonekana, jaribu nyingine kwenye tundu lile lile. Ya pili nayo isipoonekana, tatizo ni tundu. Pangusa migusano kwa pamba iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili, uache ikauke. Msasa usiuguse, utakwangua dhahabu yote. Ukiona ukoko wa kijani au mweupe, betri iliwahi kuvuja, na utando wa migusano umeliwa. Huo hubadilishwa, hausafishwi.

Ikiwa namba inabadilika ukikibana kikokotoo kwa vidole, fungua skrubu nne zilizo chini ya miguu ya mpira. Nguzo zikiwa na ufa, hazikandamizi tena migusano. Zangu niliziunga kwa gundi ya epoksi, nikasubiri siku nzima, nikafunga bila kukaza kupita kiasi. Kioo kikaandika 00 REG 127.