Odio gaidi makanisani na makumbusho: jinsi ya kusikiliza bila kusahau kutazama

Kwanza tukubaliane jina. Wengi wanasema "odio gaidi", na najua neno gaidi kwa Kiswahili lina kazi nyingine kabisa, ila hapa nazungumzia kile kimashine au programu ya simu inayokusimulia masikioni wakati unazunguka kanisa kubwa, msikiti wa kihistoria au jumba la sanaa. Kwa heshima tuite mwongozo wa sauti, nikichoka nitasema odio tu, mtanielewa.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya mara ya kwanza, na mi nililifanya kwa bidii zote, ni kubonyeza kila namba. Umeshalipia, unataka hela yako irudi yote, kwa hiyo unabonyeza 1, unabonyeza 2, unabonyeza 3, ukiona kialama cha hedifoni ukutani unakikimbilia. Nilikaa kwenye jumba moja la sanaa karibu masaa 4 nafuata namba kama mtoto anayefanya zoezi la shule, nikatoka miguu imekufa, na usiku nilipojaribu kukumbuka hata picha tano tu nikapata mbili, na moja kati ya hizo nilikuwa naijua tangu zamani kwenye kalenda. We piga hesabu mwenyewe: kituo kimoja tuseme dakika 2, vituo 60 ni masaa 2 ya kusikiliza tu, hapo hujatembea, hujasubiri watu wakupishe, hujaenda chooni.

Kwa hiyo chagua. Siku moja kabla ingia kwenye tovuti ya hiyo sehemu uangalie wana vitu gani, andika kumi au kumi na mbili unavyovitaka kweli, vingine vyote utavipita na kama kimoja kikikushika njiani basi simama nacho, sio dhambi.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo lenyewe: ukifika mbele ya kitu usibonyeze. Tazama kwanza dakika nzima, kimya, bila sauti ya mtu. Jiulize mwanga unatoka wapi, nani anamwangalia nani, kipi kimekaa kiajabu. Ndo ubonyeze. Ukianza na sauti, macho yanakuwa watumwa wa masikio, unaona kile tu ulichoambiwa. Chukua mfano ile picha kubwa ya mchoraji Rembrandt ya mwaka 1642 pale jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, wanayoiita Doria ya Usiku. Simama kimya utamwona kapteni wa nguo nyeusi ananyoosha mkono, afu kwa nyuma kidogo kuna kasichana kanang'aa kama kamewashiwa taa, kiunoni kananing'iniza kuku. Unabaki unajiuliza kuku wa nini vitani. Sasa bonyeza, na jibu likija (zile kucha za kuku ni alama ya kikosi cha hao askari waliochorwa) halitoki kichwani tena kwa sababu swali lilikuwa lako. Utaambiwa pia kwamba sio usiku hata kidogo, ni mchana, vanishi, ule mng'aro unaopakwa juu ya picha, ndo ilikuwa imeingia giza kwa miaka mingi, na kwamba mwaka 1715 picha ilikatwa pembeni ili ienee ukutani kwenye jengo la halmashauri ya mji. Kukatwa! Hapo utarudi kuitazama upya, na ndo matumizi yenyewe ya odio: tazama, sikiliza, simamisha, tazama tena. Kitufe cha kusimamisha ndo rafiki yako kuliko vyote.

Na usiogope kukatisha. Sentensi mbili za kwanza zikiwa za ukoo wa tajiri aliyelipia picha na wewe huna habari naye, kata, songa mbele, hakuna mtihani mlangoni.

Kitu kingine, sauti inakuelekeza mbele tu, we geuka nyuma. Jumba la sanaa la Louvre, Paris, watu wamejazana mbele ya Mona Lisa, kapicha ka sentimita 77 kwa 53, simu zote juu, wakati ukuta wa pili kwenye chumba hichohicho umening'inia Harusi ya Kana ya Veronese ya mwaka 1563, karibu mita 10 kwa upana na mita 6.77 kwenda juu, na wengi wameipa mgongo. Ingiza namba ya hiyo kwenye mashine yako, utakuwa na nafasi ya kutosha kusimama.

Sasa mambo ya vifaa, nipite haraka. Sehemu nyingi siku hizi mwongozo uko kwenye simu yako, unaskani QR au unapakua programu yao, kwa hiyo daunlodi ukiwa bado una waifai ya kueleweka, kwa sababu kuta za mawe za makanisa ya zamani hazina urafiki na mtandao. Jaribu ukiwa umeweka modi ya ndege, ikicheza basi imeshuka kweli. Chaji simu ijae na pawabenki juu, odio na picha na ramani kwa pamoja vinamaliza betri mapema sana. Kama ni mashine ya kukodi, bonyeza namba moja palepale kaunta kabla hujaondoka, usikie sauti zote mbili, kulia na kushoto, na uangalie betri, mi yangu mara moja ilizima chumba cha tatu na kurudi ilikuwa safari. Wengi wanataka uache kitambulisho kama dhamana, we beba kadi nyingine yoyote yenye picha, pasipoti usiiache kama kuna namna. Na beba hedifoni zako za waya, mashine nyingi zina tundu la kuchomeka, unaepuka kubana kimashine sikioni masaa mawili mpaka shingo inapinda.

Za waya nasisitiza na nina sababu. Nilikuwa ndani ya kanisa moja, watu wanasali, hedifoni zangu za bluututhi zikakatika zenyewe na simu ikaamua kuendelea kwa spika. Bwana yule msimulizi wa odio akaanza kueleza nguzo za marumaru kwa sauti ya kuhubiria uwanja mzima. Jinsi bibi mmoja alivyogeuka kuniangalia, naikumbuka kuliko hizo nguzo.

Hapo ndo tunafika kwenye sehemu za ibada, ambazo sio makumbusho hata kama zina tiketi. Kuna watu wamekuja kuongea na Mungu wao na wewe umekuja kuangalia dari. Sikio moja acha wazi uweze kusikia kengele, adhana au mlinzi anayekuambia usogee. Ibada ikianza toa vyote masikioni, kaa pembeni au toka. Usikatize mbele ya anayesali eti kwa sababu sauti imesema "sasa nenda kushoto", sauti haioni. Mabega na magoti yafunikwe, msikitini viatu nje na wanawake kichwa kifunikwe, hayo yamalize kabla hujapanga foleni kwa sababu kufukuzwa mlangoni na tiketi mkononi kunauma.

Mbinu ya sehemu za ibada ni kugeuza utaratibu: sikiliza nje, tazama ndani. Mfano mzuri ni Kikanisa cha Sistina pale Vatikani. Mule ndani picha hairuhusiwi, kuongea hakuruhusiwi, walinzi wanakemea "silenzio" (yaani kimya) kila baada ya muda, watu wamebanana bega kwa bega na shingo zote juu, yaani huo sio wakati wa kuanza kutafuta namba. Kwa hiyo kaa uani kabla hujaingia, tafuta benchi, sikiliza simulizi yote huku unaangalia picha za dari kwenye simu au kwenye mabango. Ndo hata waongoza watalii wenyewe wanavyofanya, wanamalizia maneno yao nje.

Ukishasikiliza utaingia ukijua cha kutafuta. Michelangelo alichora dari kati ya 1508 na 1512, tena akiwa amesimama kwenye jukwaa na kichwa kimerudi nyuma, hii habari ya kwamba alilala chali ni hadithi tu. Katikati ya dari kuna matukio tisa ya kitabu cha Mwanzo, yanaanzia juu ya altare (madhabahu) na Mungu akitenga nuru na giza, yanaishia upande wa pili na Nuhu amelewa. Lakini yeye alichora kinyumenyume, alianza kwa Nuhu. Gharika ameijaza watu wadogowadogo wengi, halafu jukwaa liliposhushwa katikati ya kazi akaona kutoka chini hawaonekani vizuri, basi kadiri unavyosogea kuelekea altare watu wanapungua na wanakuwa wakubwa. Hilo usiambiwe tu, simama ulilinganishe kwa macho, Gharika na Kuumbwa kwa Adamu (la nne kuanzia altare). Kisha ukuta wa altare wenyewe, Hukumu ya Mwisho, huo aliuchora akiwa mzee, 1536 mpaka 1541. Mtafute Mtakatifu Bartolomayo ameshika ngozi ya mtu iliyochunwa, uso wa ile ngozi inaaminika ni wa Michelangelo mwenyewe. Na kuta za pembeni watu wanazisahau, ukiangalia altare kushoto ni maisha ya Musa, kulia ni maisha ya Yesu, zimechorwa na kina Botticelli na Perugino miaka 30 hivi kabla ya dari.

Kwa Vatikani kwenyewe, na Basilika ya Mtakatifu Petro, na Louvre, na jumba la sanaa la Uffizi la Florence, kuna programu ya bure ya Rick Steves, mwandishi wa safari wa Marekani, Kiingereza chake kinaeleweka na ana utani wake. Nyingine za kuwa nazo ni izi.TRAVEL, yenye miongozo ya sehemu kibao duniani unayoweza kushusha kabisa kwenye simu, na Smartify, hiyo unaielekezea kamera kwenye picha inakuambia ni nini, ila sio kila jumba limo.

Sehemu nyingine muda wa kuingia una maana kuliko odio yenyewe. Kanisa la Sagrada Família, Barcelona, ujenzi ulianza 1882 na msanifu majengo Gaudí akaushika mwaka uliofuata, vioo vya upande wa mashariki ni bluu na kijani, vya magharibi ni nyekundu na machungwa, kwa hiyo asubuhi ndani panakuwa kama chini ya bahari na jioni panawaka moto. Tiketi inakatwa mtandaoni ikiwa na saa yake, we amua kwanza unataka rangi gani. Mi nasema jioni, na ukiwa ndani pale katikati zima odio kabisa dakika kumi, nguzo zile zimetawanyika juu kama matawi ya miti, hazihitaji maelezo ya mtu.

Hagia Sophia, Istanbul, nayo ina ya kwake. Ilijengwa 532 mpaka 537 kama kanisa, ikawa msikiti 1453, makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena, kwa hiyo watalii wanapandishwa roshani ya juu na waumini wako chini. Ukiwa juu angalia mihrabu, kile kishubaka anaposimama imamu, kule mbele, haijakaa katikati sawasawa na jengo, imekaa kando kidogo, kwa sababu kanisa lilielekezwa mashariki na kibla, upande wa kuswalia, kinaelekea Makka. Ukilijua hilo kabla, utaliona mwenyewe na utasisimka, odio ikikuambia kwanza utasema tu "aah sawa". Ijumaa mchana usiende kitalii, ni swala.

Lugha sasa. Kiswahili usitegemee kukikuta, utachagua Kiingereza au Kifaransa au unachokijua, na kinachokwamisha wengi sio lugha ni majina. Sauti inasema Noah, we unamjua Nuhu, inasema Jonah kumbe ni Yona, Isaiah ni Isaya, John the Baptist ni Yohana Mbatizaji. Pitia majina usiku wa kabla na nusu ya picha za Ulaya zinafunguka, maana hadithi zenyewe tunazijua tangu utotoni. Kama simulizi ipo kwa maandishi kwenye programu, soma kidogokidogo ukiwa umekaa. Na kama kuna chaneli ya watoto chukua hiyo hata kama una mvi, maneno mepesi, hakuna "kipindi cha mpito cha uwanda wa kimtindo", wanakuambia tu mtafute mbwa kwenye picha, na mbwa yupo.

Mkiwa wawili hesabuni moja mbili tatu mbonyeze pamoja, la sivyo mmoja anacheka mwenzake bado yuko sentensi ya kwanza. Inafurahisha kwamba mwanzo kabisa hata hilo halikuwepo, mwaka 1952 Stedelijk Museum ya Amsterdam walirusha simulizi kwa redio ndogo humohumo ndani, wageni wote wanasikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, chumba kizima kinageuza shingo pamoja na kinahama pamoja. Kuchelewa kidogo tu picha imekupita.

La mwisho, uliza pa kurudishia mashine kabla hujaanza kuzunguka. Mlango wa kutokea mara nyingi sio ule ulioingilia, na hakuna kinachochosha kama kuvuka tena jengo zima, miguu inawaka, unapishana na umati unaokuja, kisa kitambulisho chako kiko kwenye droo ya mtu.