Mtoto haponi, vipimo havioni kitu: la kufanya wodini

Mama anasema mtoto anakojoa damu na kuzimia usiku, ila wodini hakuna aliyeona. Mlezi kutunga au kusababisha ugonjwa wa mtoto kulielezwa mwaka 1977 na daktari wa Uingereza, Roy Meadow. Mmoja wa watoto aliowaeleza alikuwa akilishwa chumvi. Ni nadra. Lakini likitupita, mtoto huumizwa na mlezi, kisha na sindano zetu.

Anza na magonjwa ya kweli. Huku Kisumu, Siaya na Busia, magharibi mwa Kenya, mtoto anayelazwa mara kwa mara kwa homa, maumivu na upungufu wa damu apimwe malaria na selimundu kabla mamaye hajashukiwa. Wapo pia akina mama wanaozidisha maelezo ili wasirudi kwenye nyumba ya kipigo au njaa. Huyo mwitie afisa wa ustawi wa jamii.

Shaka ikibaki, chora jedwali: tarehe na saa, mama alisema nini, mhudumu aliona nini kwa macho yake, nani alikuwa na mtoto. Lijaze kutoka kijitabu cha mama na mtoto na rekodi za kila kituo alikopita. Usiandike "mtoto alizimia" kama hukuona. Andika "mama anaeleza kuwa alizimia". Daktari wa zamu ijayo akisoma "alizimia", anaandika dawa ya kifafa, na dawa hiyo inakuwa ushahidi wa kifafa.

Mkojo ukingwe na muuguzi mwenyewe, kikombe kisimtoke mkononi mpaka maabara. Kikiachwa kando ya kitanda dakika tano tu, tone la damu ya kidole linatosha kupotosha majibu. Joto pia apime yeye, akiwa amekishika kipimajoto.

Sodiamu (madini yaliyo kwenye chumvi) ya damu ikipita 145 mmol/L, pima na ya mkojo siku hiyohiyo. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara huibana sodiamu, mkojo ukawa nayo kidogo. Aliyelishwa chumvi huitoa kwa wingi. Sukari ikishuka bila sababu, vuta damu ya kupima insulini na C-peptide (kipande ambacho kongosho hutoa pamoja na insulini ya mwili wenyewe) kabla ya kumpa glukosi, bila kuchelewesha tiba. Insulini ikiwa juu na C-peptide chini, mtoto amedungwa insulini.

Usimkabili mama peke yako: anaweza kuondoka na mtoto usiku huo. Daktari wa watoto, muuguzi mkuu na afisa wa ustawi wakae kwanza, wamwarifu afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Namba 116, ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Mtoto awe mikononi salama ndipo mama aambiwe, faraghani: "Mama Baraka, tumeona mtoto anapata nafuu akiwa na wauguzi. Lazima tumlinde, na wewe pia tutakutafutia msaada." Siku hiyo asiachwe peke yake, maana anaweza kujidhuru. Aonwe na daktari wa akili, na ndugu za mtoto wachunguzwe pia.

Dawa zisizohitajika ziondolewe. Za kifafa zipunguzwe polepole, kwani zikikatwa ghafla huleta degedege halisi. Mtoto mkubwa huwa ameamini kweli kwamba ni mgonjwa. Msimwambie alidanganywa. Mwambieni mwili wake una nguvu, atembee hadi langoni, kesho mbele kidogo, kisha arudi shule nusu siku, mwalimu akijua asimrudishe nyumbani kwa kila kichwa kuuma.