SOMO: Foronya ya zawadi kutoka shati la mtumba

Kila wiki naulizwa zipu za foronya zangu nanunua wapi. Hazina zipu. Ni mashati ya kiume ya mtumba kutoka soko la Karume, Dar es Salaam, na mdomo wa foronya ni vifungo vya shati lenyewe. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mahitaji: shati kubwa la pamba, mto wa sentimita 40 kwa 40, chaki, rula, uzi, sindano ya cherehani namba 11 au 14.

1. Fua, anika, piga pasi.

2. Funga vifungo vyote.

3. KABLA hujashika mkasi, piga bandi (mishono mirefu ya muda, utaifumua baadaye) kwa mkono kufuata ukanda wa vifungo, juu hadi chini. Vipande viwili vya mbele vimeshikana penye vifungo tu. Kati ya kifungo na kifungo pako wazi. Foronya ya kwanza niliyomshonea wifi yangu niliiruka hatua hii. Nilipokata, kipande kimoja kiliteleza, foronya ikatoka imepinda, na pasi haikusaidia kitu. Shati zuri lile likaishia kuwa tambara. Angalia pia vifungo vinaangukia wapi. Kikikaa kwenye njia ya mshono, sindano inavunjika na kipande kinaweza kukurukia jichoni. Sogeza kipimo mpaka mshono upite katikati ya vifungo viwili.

4. Chora mraba wa 40 kwa 40, vifungo vikae katikati. Kata mbele na mgongo.

5. Fungua vifungo vya katikati, bandi ibaki. Weka uso kwa uso, shona pande zote nne, sentimita 1 kutoka ukingoni.

6. Fumua bandi, geuza, piga pasi. Inatoka 38, kwa hiyo mto wa 40 unajaa vizuri.

MASWALI

mama_wawili: Zipu ya sentimita ngapi?
— Hakuna zipu. Soma aya ya kwanza.

kijana_wa_tanga: Dada, pini hazitoshi mpaka bandi?
— Umeuliza vizuri. Pini inashika nukta moja, kitambaa kinacheza pembeni yake. Bandi inashika mstari mzima. Tumia uzi wa rangi tofauti na shati, utauona haraka ukifumua.

neema_k: Nimefuata kila kitu, imepinda!
— Ulipiga bandi?
neema_k: Nilikuwa na haraka.
— Basi hukufuata kila kitu.

fundi_mdogo: Nitajuaje ni pamba, na lebo imekatwa?
— Chomoa uzi kwenye pindo la ndani, uchome juu ya sahani yenye maji. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inaganda kidonge kigumu. Hiyo ipige pasi ya moto mdogo.

bi_mkubwa: Mikono msitupe. Mimi nashona vifuko, natia karafuu, nawapa na foronya waweke kabatini.
— Shikamoo mama, asante. Unafunga kwa kamba au unashona mdomo?
bi_mkubwa: Marahaba. Kamba, ili karafuu zikiisha harufu wabadilishe.